Visa imeondoka, karatasi zimebaki: Somo la Bilpam kwa mfanyabiashara wa mpakani

Jina la Bilpam lilivuka mpaka kabla ya wakazi wengi wa Juba kuwa na pasipoti. Bilpam ya kwanza ilikuwa kambi upande wa Ethiopia, katika eneo la Gambella, mahali ambapo jeshi la SPLA lilianza kujengwa mwaka 1983. Vita vilipokwisha na Juba ikawa makao ya serikali, jina hilo likahamia kaskazini mwa jiji, likawa la makao makuu ya jeshi. Jeshi lenyewe lilibadilishwa jina mwaka 2018, likaitwa SSPDF, lakini mwenye bodaboda ukimwambia "Bilpam" haulizi mara mbili.

Naanza na jina hilo kwa sababu ni katika barabara iendayo Bilpam nilikomkuta mtu aliyenifundisha kusoma upya pasipoti yangu. Ni Mkenya wa makamo anayeuza vipuri vya magari, mzoefu wa njia ya Mombasa, Malaba, Elegu na Nimule. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza, mbele yake daftari la shule lenye jalada la buluu na bahasha mbili za plastiki. Katika bahasha moja mlikuwa na pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na nakala za leseni ya biashara. Katika ya pili mlikuwa na ankara, risiti za forodha na fedha kidogo.

"Hii ya kwanza ni ya mtu wa uhamiaji, na hii ya pili ni ya mtu wa ushuru," aliniambia. "Ukichanganya, ndugu yangu, kila mmoja ataona lile ambalo halikumhusu, na atakuwa na swali."

Daftari lilikuwa la tarehe. Kila alipovuka aliandika siku, saa, kituo, alilipa nini na alipewa risiti gani. Nilidhani ni mazoea ya mtu mwenye wasiwasi. Nilipofika mwisho wa ziara yangu nilijua kwamba daftari lile ndilo lililokuwa likifanya kazi ambayo mikataba ya jumuiya yetu iliahidi kuifanya.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Tuanze na kumbukumbu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Wakati huo Sudan Kusini haikuwa nchi bado. Ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ikaanza kutoa pasipoti zake mwanzoni mwa mwaka 2012, na mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Arusha Machi 2016 ukaikubali kuwa mwanachama. Katika mkutano huohuo ndipo pasipoti mpya ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilipozinduliwa. Kwa hiyo siku Juba ilipofunguliwa mlango, jumuiya ilikuwa ikiwaonyesha wananchi wake ufunguo mpya.

Lakini ufunguo haukutoshea kitasa mara moja. Kwa miaka mingine mitano mfanyabiashara wa Kenya au Uganda aliyekwenda Juba alikuwa bado analipia visa, makumi ya dola kwa kila safari. Ilikuwa mwaka 2021 ambapo Nairobi na Kampala zilikubaliana na Juba kuondoa visa kwa raia wao. Kwa Uganda utaratibu huo ulianza Oktoba mwaka huo. Mwenye mtaji mdogo alipumua. Fedha aliyokuwa akiiacha dirishani pale Nimule ikawa gunia jingine la vitunguu au katoni nyingine ya sabuni.

Hapo ndipo wengi wetu tuliposherehekea mapema. Visa ni karatasi moja tu kati ya nyingi. Ilipoondoka, nyingine zikaonekana vizuri zaidi, kama mawe ya mtoni maji yanapopungua: muhuri wa kuingia, siku zilizoandikwa chini yake, cheti cha chanjo, cheti cha asili ya bidhaa, jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika hati mbili. Zamani msafiri aliyekuwa na kasoro ndogo alifichwa na visa. Alikuwa ameshalipa, akapita. Sasa kwa kuwa hakuna anacholipia, anaangaliwa alivyo.

Kwa hiyo hoja yangu katika uchambuzi huu ni moja. Kuondolewa kwa visa kumehamisha gharama kutoka dirishani kwenda kwenye tabia za msafiri. Anayesafiri kwa mpango anapata faida yote ya jumuiya. Anayesafiri kwa bahati anailipia faida hiyo njiani, mara nyingine zaidi ya visa ya zamani.

Hesabu ya kurasa

Chukua karatasi tufanye hesabu ambayo wengi hatuifanyi. Mfanyabiashara anayetoka Nairobi kwenda Juba kwa barabara anagongewa muhuri wa kutoka Kenya, wa kuingia Uganda, wa kutoka Uganda na wa kuingia Sudan Kusini. Hiyo ni mihuri minne. Akirudi ni minne mingine. Safari moja, mihuri minane.

Akisafiri mara moja kila mwezi, kwa mwaka ni mihuri 96. Ukurasa mmoja ukijazwa kwa nidhamu unachukua mihuri minne, kwa hiyo atamaliza kurasa 24. Pasipoti ya kawaida ya Kenya hutolewa kwa kurasa 34, 50 au 66. Aliyechukua ile ya kurasa 34 ataanza kuhesabu nafasi mwaka wa pili ukiwa bado mchanga, ijapokuwa pasipoti yenyewe imeandikwa kuwa itaishi miaka kumi. Na hapo nimekadiria kwamba kila ofisa atabana muhuri wake kwenye kona. Wapo wanaofungua ukurasa mweupe na kupiga katikati.

Wale wanaoruka kwa ndege kutoka Nairobi moja kwa moja hadi Juba wana nusu ya mihuri hiyo, lakini wengi wa wasomaji wa safu hii hawaruki. Wanapanda basi au wanakaa pembeni ya dereva wa lori. Ni wao wanaohitaji kitabu kinene kuliko mkurugenzi wa kampuni, na ni wao ambao huchukua chembamba kwa sababu bei yake ni nafuu siku ya kulipa. Ukikifanyia hesabu kwa kila safari, kitabu chembamba ni ghali.

Kuna jambo la pili katika hesabu hii. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha. Pasipoti ya miaka kumi kwa hiyo ina miaka tisa na nusu ya kazi. Mwenye daftari pale Bilpam alikuwa ameandika tarehe ya kuomba mpya kwenye jalada la ndani, mwaka mzima kabla. Nilipomuuliza kwa nini mapema hivyo, alijibu kwamba pasipoti ikiwa ofisini inafanyiwa kazi, biashara yake inakuwa imefungwa, na yeye hawezi kufunga duka msimu wa mahitaji makubwa kwa ajili ya kitabu.

Safari moja, hati moja

Hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2014 raia wao wavuke mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa. Ni mafanikio makubwa, na mama anayevuka Busia kwenda kuuza samaki hahitaji zaidi ya hapo. Safari moja nilitoka Kenya nikaingia Uganda kwa kitambulisho, nikijiambia nitunze kurasa za pasipoti. Nilipofika kaskazini, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nikatoa pasipoti ili niendelee na safari ya Juba.

Ofisa akafunua kitabu mara mbili. Akaniuliza, kwa upole kabisa, niliingia Uganda lini. Pasipoti haikuwa na jibu. Kile kikaratasi nilichopewa mpakani pamoja na kitambulisho nilikuwa nimekitumia kufungia karanga. Nililala mpakani usiku huo. Gari niliyokuwa nimepanda iliondoka, na aliyekuwa akinisubiri Juba akauza mzigo kwa mwingine.

Sikuonewa. Nilikuwa nimeanza safari kwa hati moja na kutaka kuimaliza kwa nyingine. Funzo lake ni fupi: ukijua unakwenda mbali kuliko pale kitambulisho kinapokubalika, toka nyumbani na pasipoti na uitumie kila mpaka hadi urudi. Na kila kikaratasi unachopewa na ofisa ni sehemu ya hati yako hadi safari iishe.

Hapohapo ndipo suala la majina linapoingia. Majina ya watu wa Sudan Kusini mara nyingi huandikwa kwa kupanga jina la mtu, la baba na la babu, na yakipita katika Kiarabu kisha yakarudi kwenye herufi za Kirumi, yanaweza kutoka na sura tatu. Mshirika wako wa Juba anaweza kuwa na tahajia moja kwenye pasipoti, nyingine kwenye leseni na ya tatu kwenye akaunti ya benki. Kabla hujatuma mzigo kwa jina lake, mwombe picha ya ukurasa wa pasipoti na uandike ankara kama ilivyo pale, herufi kwa herufi. Lori halisimami kwa sababu ya uadui. Husimama kwa sababu ya herufi moja.

Kishawishi cha vitabu viwili

Ukikaa Juba wiki moja utasikia habari za watu wenye pasipoti mbili. Si jambo la ajabu. Vita vya miaka mingi viliwapeleka watu Kakuma, Kampala, Nairobi na Khartoum. Watoto walizaliwa na kusoma huko, na familia nyingi bado zina mguu mmoja kila upande. Sheria ya uraia ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inaruhusu uraia zaidi ya mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu pia, na Uganda inaruhusu kwa utaratibu wa kuomba.

Lakini si kila mwanachama wa jumuiya yuko hivyo. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Na Sudan ya kaskazini ilibadilisha sheria yake mwaka 2011 ili anayepata uraia wa kusini apoteze ule wa Khartoum. Kwa hiyo kitabu cha pili ambacho kwa jirani yako ni haki, kwako kinaweza kuwa kosa la jinai.

Hata kwa anayeruhusiwa, faida ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Watu hudhani vitabu viwili ni njia mbili. Mpakani ni maswali mawili. Ukitoka kwa kimoja na kuingia kwa kingine, unajikuta katika hali ileile niliyokuwa nayo mimi na kitambulisho changu: kumbukumbu zako hazikutani. Mwenye haki ya vitabu viwili na achague kimoja kuwa cha barabara ya biashara, kiendane na leseni na akaunti yake ya benki, na kile kingine kikae nyumbani.

Nguvu ya pasipoti si yako peke yako

Aprili 2025 Sudan Kusini ilipata somo ambalo sisi majirani tunapaswa kulisoma. Tarehe 5 mwezi huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kufutwa kwa visa zote za Marekani zilizokuwa mikononi mwa wenye pasipoti za Sudan Kusini. Sababu iliyotolewa ni kwamba Juba ilikuwa haiwapokei kwa wakati watu waliorudishwa. Kiini cha mvutano kilikuwa mtu mmoja aliyefikishwa Juba na hati ya Sudan Kusini, naye Juba ikasema ni Mkongo. Siku tatu baadaye serikali ilikubali kumpokea.

Mtu mmoja, hati moja yenye utata, na mwanafunzi, daktari na mfanyabiashara ambao hawakumjua wakakuta visa zao hazina thamani. Hilo linatufundisha kwamba pasipoti ni mali ya pamoja. Anayeuza hati kwa asiye na haki nayo, anayekodisha jina lake, anayevuka kwa kitambulisho cha binamu yake kwa sababu wanafanana, hachezi na bahati yake tu. Anachota katika mtungi ambao wote tunaunywea. Leo ofisa wa kigeni akiona kitabu cha nchi fulani na kukunja uso, chanzo chake mara nyingi ni mwenzako aliyepita kabla yako.

Kwa kulinganisha, ndani ya jumuiya yetu bado kuna imani. Pasipoti ya zamani ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1999, haikuwa na nguvu nje ya nchi zetu, ila ndani yake ilimpa mtu nafasi ya kuingia na kutoka kwa miezi sita bila kuulizwa kila mara. Pasipoti mpya ya kielektroniki inatambulika duniani kote. Tumeongeza nguvu ya nje. Tusije tukapoteza ile ya ndani kwa ujanja mdogo mdogo.

Mgeni si mfanyakazi, na bunda dogo lina haki zake

Kanuni za Soko la Pamoja zinampa raia wa nchi mwanachama anayeingia kama mgeni pasi ya hadi miezi sita, bila malipo. Soma neno "hadi". Ofisa anaweza kuandika siku chache kuliko hizo, na ni tarehe aliyoiandika yeye inayohesabiwa, si ile uliyoisikia redioni. Kabla hujaondoka dirishani, angalia muhuri: tarehe ni ya leo? Siku ni ngapi? Ukikuta kasoro, ni rahisi kurekebishwa ukiwa bado umesimama pale kuliko siku ya kutoka.

Pasi hiyo pia si kibali cha kazi. Kununua, kuuza, kukutana na mteja na kukagua mzigo ni jambo moja. Kuajiriwa dukani Juba kwa mshahara ni jambo jingine, na lina kibali chake. Vijana wengi wa kwetu waliokamatwa kwenye misako hawakuwa wahalifu. Waliingia kama wageni, wakapata kibarua wiki ya pili, na hakuna aliyewaambia kwamba hali yao imebadilika.

Kwa upande wa bidhaa, kuna utaratibu rahisi wa biashara kwa wenye mizigo midogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti cha asili kilichorahisishwa hapohapo mpakani, na haziingii kwenye ushuru wa forodha. Utaratibu huu uliandikwa kwa ajili ya akina mama wenye vitunguu, mayai, maharage na unga. Lakini usilichanganye hilo na kusema hakuna malipo yoyote. Kodi za ndani, ada na ukaguzi wa afya ya mimea vinaweza kuwepo. Tabia njema hapa ni kuuliza jina la kila malipo na kudai risiti yenye jina hilo. Malipo yasiyo na jina hayana risiti, na yasiyo na risiti hayana mwisho.

Barabara na jiji

Barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, iliwekwa lami kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012. Mwaka 2022 Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa juu ya Nile na kulipunguzia mzigo daraja la zamani. Lami na daraja vimefupisha safari, lakini havijaondoa hatari. Mwaka 2021 madereva wa malori walisimamisha magari Elegu baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Sudan Kusini. Na tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, Juba inaitegemea zaidi njia hii ya kusini, kwa hiyo shinikizo la kufika haraka limeongezeka. Mazoea ya wazoefu hayajabadilika: hawasafiri usiku, wanauliza habari za njia asubuhi kabla ya kuwasha gari, na hawamwambii kila mtu mezani wanabeba nini. Machi 2025 hali ya kisiasa ilipochafuka, waliokuwa na namba za madereva watatu walijua la kufanya kabla ya waliosubiri taarifa ya habari.

Ndani ya jiji, jirani ya Bilpam hasa, kuna kosa moja ambalo wageni hulifanya kila mara: kutoa simu na kupiga picha. Sudan Kusini kupiga picha hadharani kunahitaji ruhusa, na karibu na makao ya jeshi, uwanja wa ndege au daraja hakuna atakayetaka kusikia kwamba ulikuwa unamtumia mkeo picha ya machweo. Mtu aliyevuka mipaka miwili bila doa anaweza kupoteza siku mbili kwa picha moja. Simu ikae mfukoni. Na ukisimamishwa, salamu kwanza. "Salaam taki" ya Kiarabu cha Juba, ikisemwa bila haraka, hufungua mazungumzo ambayo hasira ingeyafunga. Kiswahili nacho kinazidi kusikika, kwa madereva na kwa wale waliokulia Kenya na Uganda, lakini usidhani kila askari anakijua.

Fedha nazo zina tabia zake. Juba inafanya biashara kwa pauni na kwa dola, na dola kuukuu, zilizochanika au za matoleo ya zamani, hukataliwa au kupunguzwa thamani. Kagua noti zako Kampala, si Konyokonyo. Bei ya pauni hubadilika, hivyo anayeuza kwa mkopo wa pauni anauza bila kujua bei yake mwenyewe. Kuhusu afya, cheti cha homa ya manjano tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za afya, hata kama tarehe ya kuisha iliyoandikwa zamani imepita. Ukiambiwa kimeisha, eleza hivyo kwa utulivu. Ila chanjo mpya huhesabika baada ya siku kumi, kwa hiyo usichanje siku ya kusafiri.

Kwa nini daftari

Sasa turudi kwenye lile daftari la buluu. Mwaka 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alitua uwanja wa ndege wa Entebbe, akazuiwa kuingia Uganda na kurudishwa Nairobi. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Mei 2013 mahakama iliamua kwamba kumzuia na kumrudisha bila kufuata utaratibu wa haki kulikiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Nchi ina mamlaka ya kulinda mpaka wake, lakini haiwezi kumfukuza raia wa jumuiya kana kwamba mikataba haipo.

Uamuzi huo ni wetu sote, na Sudan Kusini iko ndani ya mkataba huohuo. Lakini mkataba unaweka sharti ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui: anayetaka kushtaki lazima afanye hivyo ndani ya miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika au tangu alipokijua. Miezi miwili ni safari mbili. Mtu asiyeandika tarehe, kituo na alichoambiwa, siku ya kuulizwa ushahidi atakuwa na hasira tu. Hata kwa njia nyepesi zaidi, kama kulalamika kwenye kamati za taifa zinazoshughulikia vikwazo visivyo vya ushuru, swali la kwanza litakuwa lilelile: lini, wapi, kiasi gani, risiti iko wapi?

Ndiyo maana nasema daftari la Bilpam linafanya kazi ya mkataba. Haki imeandikwa Arusha, lakini ushahidi wake unaandikwa na mwenye mzigo, kwa kalamu yake, akiwa amechoka, kwenye benchi la kituo cha mpakani.

Je, ni haki kumtwika mfanyabiashara mzigo huo? La. Serikali zikiwa na mifumo inayosomana, pasipoti iliyosomwa Malaba ingejulikana Elegu, na ofisa asingehitaji kunihoji kuhusu kikaratasi cha karanga. Kama kitambulisho kinatosha Busia, siku moja kitoshe Nimule. Juba, Kampala na Nairobi ziambiwe hivyo, na vyama vya wafanyabiashara viendelee kudai. Visa iliondoka kwa sababu watu walidai, na karatasi nyingine zitaondoka kwa njia hiyohiyo.

Hadi siku hiyo, nenda kanunue daftari. La kurasa 96 linatosha, ukurasa kwa kila muhuri wa mwaka mmoja. Nilipoagana na mwenyeji wangu nilimuuliza amejaza mangapi. Akanionyesha sanduku la biskuti lililo chini ya meza, akalisukuma kwa mguu, likawa zito kusogea.

"Haya ndiyo pasipoti, ndugu yangu," alisema. "Kile kitabu cha serikali ni cha kuonyesha."